Uzoefu wangu na EF Core kwenye mfumo wa duka la spea

Natumia EF Core, maktaba ya Microsoft ya kuzungumza na databesi kwa lugha ya programu ya C#, kwenye mfumo wa stoo wa duka moja la spea Gerezani, Kariakoo. Naipenda. Iliwahi kuniumbua, lakini kosa lilikuwa langu.

Kiolesura cha ripozitori yangu (sehemu ya kodi inayochota data kwenye databesi) kilirudisha IQueryable, yaani swali ambalo bado halijatumwa kwenye databesi na linaloweza kuongezewa masharti. Nilijiona mjanja: anayekitumia ajiwekee masharti yake, achuje, apange, mimi nisisumbuliwe kuongeza methodi kila siku. Majaribio nayo yakawa mteremko. Natengeneza orodha ya spea kumi, naiitia AsQueryable ili ijifanye IQueryable, kila kitu kijani.

Sasa, namba za spea zina vistari. Mteja huyu anaviandika, yule haviandiki. Nikatunga fanksheni ndogo, OndoaVistari, nikaichomeka ndani ya Where, sehemu ya swali inayochuja. Majaribio yakapita yote. Jumamosi asubuhi nikapandisha toleo jipya, na chai haijapoa simu ikaita kutoka kaunta: "Kaka, mfumo umegoma kutafuta, na watu wamejaa hapa!"

Orodha iliyo kwenye memori inakubali fanksheni yoyote ya C#. Databesi haiijui hata moja, kwa hiyo EF Core hulazimika kugeuza ile Where kuwa SQL, lugha ya databesi, na OndoaVistari haikuwa na tafsiri. Kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2019 ingevuta jedwali zima kimyakimya na kuchujia kwenye memori ya seva. Bora hii inayokataa waziwazi, hata kama imeniaibisha.

IQueryable nimeiondoa kwenye kiolesura. Sasa kuna TafutaKwaNamba, SpeaZinazokaribiaKwisha na nyingine mbili tatu, zote zinarudisha orodha iliyokamilika. Namba isiyo na vistari nimeipa safu yake yenye indeksi ya kuharakisha utafutaji. Hesabu za mauzo nazijaribu kwa ripozitori bandia. Maswali ya databesi nayajaribu kwenye databesi halisi ya PostgreSQL ndani ya Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine kwenye kontena. Yanachelewa, ndiyo, ila yanasema kweli. Ile databesi ya InMemory ya EF Core, inayoigiza databesi kwenye memori, nimeiacha; Microsoft wenyewe hawashauri kuitumia kwa majaribio.

Nyota nne kati ya tano. Dada wa kaunta hajaambiwa habari za nyota. Nikimpigia Jumamosi, hata salamu haiitikii kwanza: "Kaka, hujagusa kitu?"