Magna Carta: ya 1215 au ya 1225?

Magna Carta ni hati iliyowawekea mipaka wafalme wa Uingereza, na ilitolewa zaidi ya mara moja. Ya 1215, iliyopigwa muhuri wa Mfalme John kule Runnymede, ndiyo kali. Kifungu cha 12 kilimzuia kutoza fedha za badala ya utumishi wa vita bila ridhaa ya baraza la ufalme; cha 61 kiliwaruhusu makabaila 25 kuteka ngome na ardhi zake akikaidi. Ukali huo ndio ulioiponza: Papa Innocent III aliibatilisha Agosti ya mwaka huohuo, vita vikazuka.

Ya 1225 haina vifungu hivyo. Mfalme Henry III, mwana wa John, aliitoa “kwa hiari” (huku akipewa kodi ya sehemu moja ya 15 ya mali zinazohamishika). Ikadumu. Kifungu cha 29, kinachokataza kumfunga mtu huru bila hukumu ya watu wa hadhi yake au sheria ya nchi, kingali hai Uingereza kupitia toleo la 1297.