Dambeli za Kubadilisha Uzito: Zinafaa kwa Mabega?

Haya wadau, karibuni. Hizi hapa mezani ndizo dambeli mlizokuwa mkiniulizia, jozi ya kilo 20, yaani 10 kila mkono, visahani vya chuma vinavyokazwa kwa nati. Je, zinajenga mabega ukiwa nyumbani? Kwa kusukuma juu, naam. Kwa kuinua pembeni, hapo tutazozana kidogo.

Angalieni. Mpini mtupu una kilo 2.5. Nikitia hivi vidogo viwili vya 1.25, ni kilo 5. Nikivitoa nikatia vikubwa, 7.5. Vyote kwa pamoja, 10. Katikati hakuna kitu! Sasa, unapoinua mkono pembeni mzigo unakuwa mbali na bega, kwa hiyo hata kilo chache zinauma. Mtu anayeinua 5 mara 15 vizuri, akirukia 7.5 kajiongezea nusu nzima ya mzigo kwa mpigo. Matokeo yake anarusha kiuno, mabega yanapanda hadi masikioni, shingo ndiyo inayofanya kazi. Mimi nasema hii ndiyo kasoro kubwa ya seti hii, na muuzaji hatakwambia.

Dawa yake ni kununua visahani vya nusu kilo pembeni. Viwili kila mkono, unapata 6. Ila pima tundu kwanza, jamani: kisahani cha milimita 25 hakiingii kwenye mpini wa 28.

Mpini mtupu nao msiudharau. Msuli mkubwa wa bega, deltoidi, una sehemu tatu: ya mbele, ya pembeni na ya nyuma. Pushapu zinaipa kazi ya mbele. Ya nyuma inasahaulika, na hapa Tanga kwetu, nusu ya mji tuko juu ya baiskeli tumeuinamia usukani. Kwa hiyo inama kutoka kiunoni, mgongo unyooke, viwiko vilegee kidogo, fungua mikono pembeni taratibu. Hizo kilo 2.5 zitakutoa jasho. Kwa ile misuli midogo minne inayoshikilia fundo la bega, hata huo mpini ni mzito kwa anayeanza; lala ubavu, kiwiko kibane mbavuni, zungusha mkono juu na chupa ya maji ya nusu lita. Ndiyo, chupa. Chekeni tu.

Kutu sasa. Ukikaa Raskazone au popote unapopata upepo wa bahari, rangi ikichubuka tu chuma kinaanza kuwa chekundu. Futa jasho, paka mafuta ya cherehani, usiziache barazani. Zile za plastiki zilizojazwa saruji hazipati kutu, lakini ni nene, zinagonga mapaja, na zikianguka sakafuni zinapasuka. Sizipendi.

Nati za hizi zina raba ndani, zinashika. Hata hivyo kaza upya kila raundi, hasa ukisukuma juu, maana kisahani kikichomoka kinashukia uso wako.

Nanunua? Nanunua, na visahani vya nusu kilo juu yake. Lakini wewe ambaye bega linakuamsha usiku, au mkono haupandi hata kuchana nywele, hiyo pesa ishike kwanza. Nenda hospitali ya Bombo wakakupime.