Mbegu za pakiti na mbegu za kifuniko: tathmini ya msimu wa kiangazi katika bustani ya nyumbani, Lubumbashi

Msimu wa kiangazi umekwisha, matuta yamebaki na mabua tu, na kwa kuwa majirani kadhaa wameniuliza mbegu zipi nilinunua na wapi, nimeona ni vema niandike kwa utulivu yale niliyoyaona katika bustani ndogo iliyo nyuma ya nyumba yetu, komini ya Katuba. Hukumu yangu naitoa mapema: mbegu za shu (yaani kabichi) na za karoti zilizo katika pakiti iliyofungwa kiwandani zinastahili bei yake, ingawa bei hiyo ni kali, mbegu za lengalenga (yaani mchicha) za pakiti hakuna sababu ya kuzinunua hata zikipunguzwa bei, na mbegu za kitunguu zinahitaji mnunuzi mwenye macho makali.

Mbegu haiwezi kupimwa bila kutazama hali ya hewa iliyoipokea. Lubumbashi ipo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, mvua zake nyingi hunyesha kati ya Novemba na Machi, na kuanzia Mei hadi Septemba mkulima wa nyumbani hutegemea kisima na mikono yake. Mnamo Juni na Julai usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, baridi ambayo watu wa Kinshasa wakija kututembelea hawaachi kuilalamikia. Shu huipenda baridi hiyo, lengalenga huichukia.

Shu niliyopanda ni Copenhagen Market, aina ya zamani yenye kichwa cha mviringo, ambayo katika maduka ya pembejeo hapa mjini hupatikana kwa makopo na kwa pakiti ndogo. Kwa bustani ya familia pakiti ndogo inatosha, maana kopo likishafunguliwa huingiza unyevu na mbegu zilizobaki hupoteza nguvu. Zangu ziliota karibu zote, tena kwa pamoja, jambo ambalo ndilo hasa tunalolilipia: miche ya kitalu kimoja ikikua kwa kimo kimoja, huhamishwa siku moja baada ya wiki nne au tano, na vichwa hufunga kwa wakati unaokaribiana. Nilipoviminya kwa vidole gumba viwili havikubonyea, na nilipokata cha kwanza majani ya ndani yalikuwa meupe na yamebanana hata kisu kilitoa sauti. Kasoro ni kwamba aina hii haivumilii kuachwa bustanini. Kichwa kilichokomaa kikipewa maji mengi kwa ghafla hupasuka. Duka huuza pia mbegu chotara za F1, ambazo bei yake ni mara kadhaa ya hii. Kwa anayeuza katika soko la Kenya, komini ya hapahapa mjini, huenda zikamfaa, kwa sababu mteja wake hupenda vichwa vinavyolingana, lakini kwa sufuria ya nyumbani sikuona haja.

Kuna anayeuliza kwa nini tusijitengenezee mbegu za shu wenyewe kama mabibi zetu walivyofanya kwa maharage. Sababu imo katika mmea wenyewe: shu ya kichwa haitoi maua mpaka ipitiwe na kipindi kirefu cha baridi, na baridi yetu ya Julai ni fupi mno kwa kazi hiyo. Karoti nayo ina tabia hiyohiyo. Ndiyo maana karibu mbegu zote za mboga hizi mbili huja kutoka nje, na ndiyo maana sioni uchungu kulipa. Karoti zangu, aina ya Nantes, zilichelewa kuota hadi nikaanza kuwashuku kuku wa jirani, kisha zikatokea na kukua vizuri pale ambapo udongo ulilainishwa kwa kina. Penye kokoto zilitoa miguu miwili.

Lengalenga ni hadithi tofauti. Mmea mmoja ukiachwa ukomae hutoa maelfu ya punje nyeusi zinazong'aa, ndogo kuliko kichwa cha sindano, na mama wanaouza mboga huzichota kwa kifuniko cha chupa kwa faranga chache. Nilipanda tuta la mbegu za pakiti na tuta la mbegu za kifuniko bega kwa bega. Ziliota sawa, zikakua sawa, na Julai zote zikadumaa sawa, kwa kuwa lengalenga ni mmea wa joto na hakuna pakiti inayoweza kuubadilisha. Mwishoni mwa Agosti, jua liliporudi, matuta yote mawili yalichanganya mbio. Tofauti pekee niliyoiona ni picha nzuri ya pakiti. Anayetaka mboga ya majani katikati ya baridi na apande shu ya Kichina, ambayo haikunisumbua hata kidogo isipokuwa kwa vidukari.

Sasa kitunguu. Nilinunua Red Creole, aina inayofaa kwetu kwa sababu hufunga kiazi chake bila kuhitaji siku ndefu za nchi za kaskazini. Aina ni nzuri. Pakiti ndiyo iliyoniudhi. Kitaluni ilitoka miche ya kuhesabu. Nilipoirudia pakiti, niliona kibandiko cha bei kimewekwa juu kabisa ya tarehe, na nilipokibandua kwa ukucha nikakuta muda wa kutumika ulikwisha miaka miwili iliyopita. Mbegu ya kitunguu ni miongoni mwa zile zinazokufa upesi. Mwaka mmoja au miwili katika duka lenye paa la bati, na nguvu yake imekwenda. Muuzaji, nilipomrudishia, alinijibu kwa upole: «Baba, mbegu si nyama, haiozi.» Hata hivyo alinibadilishia bila ugomvi, nami nampa haki yake kwa hilo, ila wakati wa kitalu ulikuwa umepita. Tarehe isomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni, na kibandiko kikiwa kimekaa juu yake, kibanduliwe mbele ya muuzaji.

Mbolea ya kuku niliyoinunua kwa magunia kutoka kwa wafugaji wa pembezoni mwa mji ndiyo bidhaa iliyonipa faida kubwa kuliko zote. Huja imechanganyika na maranda, bado ina moto na harufu inayochoma macho, kwa hiyo ilinibidi niilundike na kuilowesha wiki kadhaa kabla ya kuitia tutani. Kuhusu udongo mweusi unaouzwa kwa toroli, mimi huuliza kwanza umechimbwa wapi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, na udongo wa mitaa iliyokuwa ikipokea moshi wake umebeba shaba na metali nyingine ambazo hakuna anayezihitaji katika mboga. Muuzaji asiyeweza kutaja mahali, sinunui kwake.

Kilichobaki ni ndoo ya kumwagilia. Nilikuwa na mbili: ya plastiki kutoka dukani, na ya bati iliyotengenezwa na fundi wa mtaani. Ya plastiki ni nyepesi, lakini kichwa chake cha matundu humwaga maji kwa nguvu kiasi cha kufukua mbegu za karoti, na kufikia Septemba jua lilikuwa limeupasua mshikio. Ya bati ni nzito, hasa kwa watoto, na ilianza kuvuja shingoni. Fundi aliiziba papo hapo kwa bei ya maandazi machache. Matundu yake, aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari mwembamba, hutoa manyunyu laini ambayo hayasumbui hata punje ya lengalenga. Wenye matuta machache tu wanaweza kuvumilia ya plastiki, mradi waikinge na jua.