Steshenari ya Ngamiani kwa wanaoomba ufadhili wa uzamili: skana lipia, sifa kagua mwenyewe

Ukipita Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, hukosi steshenari yenye karatasi kiooni: "Tunaomba mikopo, ufadhili, ajira." Hii inayozungumziwa hapa ni chumba kimoja chenye kompyuta tatu, skana ya mezani, printa mbili na benchi nje ya kusubiria foleni. Imepimwa kwa kazi moja tu: kumsaidia mtu mwenye shahada, pengine mwenye uzamili tayari, kuomba fedha za kusoma zaidi. Kazi ya mikono inapata nyota nne na nusu. Ushauri wa sifa unapata moja na nusu, na hiyo nusu ni ya ucheshi.

Bei: kuskani 500 kwa ukurasa, kuprinti nyeusi 200, kujaza fomu kati ya 10,000 na 15,000 kulingana na urefu wake.

Pesa ya skani ni halali yao. Vyeti wanavilaza kwenye skana, hawavipigi picha kwa simu, kwa hiyo hakuna kivuli cha mkono wala alama ya programu chini ya ukurasa. Wanaskani kwa rangi, kwa ukali wa dpi 300. Rangi ni muhimu kwa sababu skani ya nyeusi na nyeupe hufuta mhuri uliofifia na sahihi ya wino mwepesi, na cheti kisichoonyesha mhuri hurudishwa. Transkripti wanaigeuza bila kuambiwa, maana ufafanuzi wa alama mara nyingi uko nyuma, na bila ufafanuzi huo msomaji wa Uingereza au Ujerumani hajui B+ yako ina uzito gani. Kisha wanaunganisha kurasa zote ziwe PDF moja na kuibana ifike kiwango ambacho fomu inakubali. Karani akishaibana huikuza hadi asilimia 200 na kusoma GPA, yaani wastani wa alama, kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu. Steshenari nyingi hazifanyi hivyo. Hubana tu na kupakia, 3 inaonekana kama 8, na mwenye cheti hajui kitu.

Jambo la pili wanalolijua ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Mwanahidi, shahada ina majina mawili badala ya matatu. Hawaanzi kujaza mpaka hilo litengenezwe: wanakuelekeza kwa wakili ukale kiapo, hati inaskaniwa pamoja na vyeti. Usumbufu, naam, lakini bora usumbuke Agosti kuliko kukwama kwenye viza mwakani.

Ukimaliza hapo, chukua uamuzi mikononi mwako, kwa sababu kuhusu sifa swali lao ni moja: "Digrii unayo?" Ukiitikia, fomu inafunguliwa.

Kwanza wanachanganya mkopo na ufadhili. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hurejeshwa, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ada yake ya maombi, 30,000, hairudi hata ukiwa umeingia dirisha lisilokuhusu. Ufadhili wa Samia nao, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ulianzishwa kwa waliofaulu vizuri sayansi kidato cha sita na wanaingia shahada ya kwanza. Ukimsikia karani anakuambia "weka tu, bahati haina kwao" nawe una shahada tayari, mwachie bahati yake.

Pili ni GPA. Shahada zetu hupimwa kwa 5: 4.4 na zaidi ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini. Fomu nyingi za nje huuliza na kiwango cha juu kabisa, na sehemu hiyo mara nyingi huwa imeshawekwa 4.0. Karani asipoigusa, 3.8 yako ya kati ya 5 inasomeka ni 3.8 ya kati ya 4, yaani umejipandisha kwa maandishi, na transkripti uliyoambatisha inakusuta. Simama nyuma ya kiti chake hadi uone 5 imeandikwa.

Kwa mwenye uzamili tayari mambo yanahitaji utulivu zaidi, na hapa ndipo karani hukosea pande zote mbili: humfukuza anayestahili na kumpokea asiyestahili. Chukua ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa uzamili Uingereza. Ufadhili huo unadai daraja la pili la juu, lakini mwenye la pili la chini anakubalika kama ana sifa ya ziada inayohusika, kwa kawaida uzamili. Kwa hiyo mtu wa GPA 3.1 aliyekwisha kusoma uzamili hapa nchini hajafungiwa mlango, ilhali pale dukani ataambiwa "hii ya kwako ndogo". Kilichobanwa ni kitu kingine: kwa kawaida hawagharamii uzamili wa pili wa Uingereza. Aliyewahi kuupata huko anatakiwa aeleze kwa hoja kwa nini anahitaji mwingine. Neno "uzamili wa pili" halitoshi. Uliza wa kwanza ulisomewa wapi.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, haikatai mwenye uzamili, ila itabidi aeleze mwingine ni wa nini. Inamkataa aliyekwisha kusoma Uingereza kwa fedha za serikali ya Uingereza. Inataka pia saa 2,800 za kazi, na hapa karani huandika "miaka 2" na kuendelea. Piga hesabu: kwa saa 40 kwa wiki, hizo ni wiki 70. Mwalimu wa tuisheni anayefundisha saa 12 kwa wiki anahitaji wiki zaidi ya 230, miaka minne na ushee, hata kama mkataba wake unasema miaka mitatu. Kwa upande mwingine, kazi ya kujitolea na ya mafunzo inahesabika, na waajiri mbalimbali wanajumlishwa. Nenda na karatasi yenye jina la mwajiri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na saa za wiki, usimwache abuni.

DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, katika programu zake nyingi, hutazama shahada ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka 6. Ya mwisho, si ya kwanza. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, haimrudii aliyewahi kupata ufadhili wake huohuo.

Saa ya mwisho. Fomu ikiandika inafungwa 12:00 UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, Tanga ni saa tisa alasiri, si saa sita usiku wala saa kumi na mbili. Ikiandika 16:00 GMT, ambayo ni saa ileile ya UTC, ni saa moja jioni. Mteja anayeingia saa kumi akidhani ana usiku mzima hukuta dirisha limefungwa, na "waja leo waondoka leo" inamhusu yeye. Umeme nao hukatika, duka halina jenereta. Siku mbili kabla ndiyo siku ya mwisho yako.

Malalamiko makubwa ni haya. Wanapenda kufungua akaunti kwa baruapepe ya duka, "usije ukasahau". Kataa. Wito wa usaili utaingia kwenye kikasha cha mtu mwenye wateja chungu nzima, na neno la siri limeandikwa kwenye daftari la mikopo ya soda. Ukiondoka hakikisha wametoka kwenye akaunti yako na faili zako hazijabaki kwenye kompyuta. Wana pia folda ya insha za wateja waliopita: "badilisha jina na chuo." Insha za kunakili hukaguliwa na kutupwa, na wa Tanga watatu wenye sentensi moja kuhusu bandari hawawezi kupita wote, na huenda asipite hata mmoja.

Na ada. Kuomba Chevening, Jumuiya ya Madola, DAAD au Erasmus Mundus ni bure. Ukiambiwa kuna "ada ya fomu" juu ya gharama ya kujaza, hiyo ni ya mfuko wa karani. Omba risiti uone itakavyoyeyuka.

Fika kabla ya saa nne asubuhi. Ijumaa wanafunga tangu saa sita mpaka nane. Flashi yao usiiguse, ina virusi. Na beba chenji, maana noti ya elfu kumi huzunguka maduka matatu kabla hujarudishiwa zako.