TAHADHARI: "Wifi" wa viza anayekula kwa mke na kwa mume

Wapendwa, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kuna kishoka mmoja wa kike anayejitangaza mitandaoni kwamba anawasaidia watu kuhamia Ujerumani kuishi na wenza wao. Hana ofisi. Jina amebadilisha mara mbili tangu nimfahamu, ndiyo maana silitaji hapa. Analotumia leo huenda ni la mtu mwingine asiye na habari. Nitaeleza anavyofanya, maana jina anabadilisha lakini mchezo wake ni ule ule.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa mwaka jana. Yeye ni raia wa Ujerumani kwa sasa na kazi yake iko huko, kwa hiyo wiki mbili baada ya harusi akaondoka, nikabaki na bahasha ya makaratasi. Waliowahi kusubiri viza ya kumfuata mwenza wanaijua hali hii. Unaamka usiku kuchungulia tovuti ya ubalozi kama nafasi za miadi zimefunguliwa, unakuta hakuna, unalala, unaamka tena. Siku moja nikaandika mtandaoni kwamba nimechoka. Hazikupita dakika kumi, ukaingia ujumbe: "Pole wifi yangu. Usilie peke yako, hata mimi nimepita huko huko."

Hilo neno wifi ndilo lililonimaliza. Kwangu akawa ndugu wa mume. Namba ya mume wangu nilimpa mwenyewe, eti inatakiwa kwenye fomu, na kule akaanza kumwita kaka. Kisha akamwekea kila mmoja wetu sharti lake. Mimi aliniambia: "Usimsumbue kaka na vikwazo, yuko kazini usiku na mchana, atavunjika moyo." Mume wangu akaambiwa: "Wifi usimtajie gharama hizi, atapata presha bure." Nasi tukatii wote wawili, kila mmoja akidhani anambebea mwenzake mzigo. Mimi nikavunja kibubu. Yeye akaomba zamu za ziada. Kila jioni tunaongea kwenye simu, tunacheka, hakuna anayesema kitu.

Sasa sikilizeni alivyotuuzia, kwa sababu karibu kila alichosema kilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Alianza na miadi. Akasema ana mtu wa ndani anayeshika nafasi. Ukweli ni kwamba balozi za Ujerumani haziuzi miadi. Kuomba nafasi ni bure. Kinacholipiwa ni viza yenyewe, yaani ile ya muda mrefu, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni yuro 75 (mwenza wa raia wa Ujerumani kama mimi kwa kawaida hatozwi), na anayetozwa huilipa akishafika na karatasi zake, si kwa mtu wa mtandaoni miezi mitatu kabla. Mimi nililipia "miadi" zaidi ya hapo, kabla hata sijakanyaga ngazi ya ubalozi.

Pili, cheti cha lugha. Anayemfuata mwenza Ujerumani kwa kawaida anatakiwa athibitishe Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, kabla ya kupewa viza. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano mwenza wa mtu mwenye Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya (kibali cha wataalamu wa kigeni), lakini mke wa raia wa Ujerumani kama mimi kwa kawaida hasamehewi. Mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha lugha yao, una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Alama ni 100, na kufaulu ni kuanzia 60. Si mtihani wa kutisha, nimeujua sasa. Lakini yule dada aliniambia: "Wifi, huko kwenye mtihani wanakufelisha makusudi ili ulipe tena. Mimi nina njia, cheti kinatoka bila wewe kukaa darasani." Nilijua hilo si halali. Sitajisafisha hapa. Nilijua, nikalipa.

Akaja na bima ya afya. Ni kweli ubalozi unataka bima ya safari inayoanza siku unayoingia, mpaka utakapopata bima ya kule. Yeye akaniuzia "bima ya mwaka mzima", karatasi nzuri yenye nembo na namba. Baadaye nilipiga simu kwa kampuni iliyoandikwa pale, nikawasomea namba. Haipo kwao. Na hata ingekuwepo, mwaka mzima wa nini? Mume wangu yumo kwenye bima ya umma, na mke asiye na kipato anaweza kuingizwa humo bila mchango wa ziada akishahamia. Jambo hilo mume wangu alilijua, ila hakuulizwa, kwa sababu ilikuwa siri yangu.

Upande wa mume wangu ndiko alikochota kwa ndoo. Kwanza alimuuzia miadi ile ile. Halafu "ada ya kusukuma faili" kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi. Hapo tena kuna ukweli: ubalozi ukipokea maombi, faili hupelekwa kwa ofisi ya wageni ya mahali mwenza anapoishi ili itoe ridhaa, na hatua hiyo inaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Lakini hakuna ada ya kuharakisha anayotozwa mume, na kwetu hata faili lenyewe halikuwepo. Lilikuwa halijaombwa! Alikuwa analipia kusukumwa kwa kitu ambacho bado kilikuwa kwenye bahasha chini ya kitanda changu.

Kisha ikaja kubwa kuliko zote, "akaunti iliyofungwa". Walio na watoto wanaosoma huko wanaijua. Mwanafunzi wa kigeni huweza kuthibitisha uwezo wa kujikimu kwa kuweka fedha kwenye akaunti maalumu, yuro 11,904 kwa mwaka tangu 2024, na anaruhusiwa kutoa yuro 992 kwa mwezi. Akaunti hiyo inafunguliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Yule dada akaichukua habari hiyo akaihamishia kwenye ndoa, akamwambia mume wangu aweke walau robo kama "dhamana ya mke", na namba ya akaunti ya kuwekea akaitoa yeye mwenyewe yule dada. Kwa mwenza wa raia wa Ujerumani, kwa kawaida sheria hata haiweki kipato kuwa sharti. Mume wangu si mjinga, jamani. Alitafuta mtandaoni, akaona akaunti iliyofungwa ni kitu cha kweli, kiasi ni cha kweli, akaridhika. Hakuangalia ni ya nani.

Tulivyomgundua ni aibu tupu, lakini nitasimulia.

Cheti kilipokuwa tayari, yule dada alinitumia picha yake. Nimepata alama 92. Akamtumia na mume wangu nakala, nadhani ili kumlainisha kwa malipo yanayofuata, na hapo ndipo alipojikwaa. Mimi nilikuwa nimemwambia mume wangu kwamba najisomea nyumbani, na kweli nilikuwa na programu kwenye simu, nimefika kwenye somo la matunda. Jioni hiyo akanipigia video, uso umejaa furaha, akaanza kuniongelesha Kijerumani moja kwa moja. Nikajibu "Ja", yaani ndiyo. Akacheka, akaniuliza jina langu nani. Nikajibu tena "Ja." Kicheko kikakatika.

Nilimwambia yote. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Basi na mimi nikwambie." Tukaanza kusomeana miamala, mmoja mmoja, kama watu wanaohesabu mahari. Miadi tumelipa wote, tofauti siku tatu. Kila malipo yamekwenda kwa jina tofauti, hakuna hata moja lililofanana na jina lake yeye. Mimi niliyaona majina hayo wakati natuma, nikajisemea ni wahasibu wake. Wahasibu watano kwa mtu asiye na ofisi!

Tulipombana, kwanza alilia. Akasema tunamharibia riziki. Kisha akageuka: pasipoti yangu na cheti halisi cha ndoa viko kwake, na ili avirudishe anataka "ada ya kufunga faili". Ndiyo, nilikuwa nimempa vyote, alisema anakwenda kuvihalalisha. Nikaenda polisi nikafungua taarifa, nikamwandikia kwamba pasipoti imeshatajwa kwenye taarifa hiyo na atakayekutwa nayo ajieleze. Siku mbili baadaye bahasha ikaletwa na kijana aliyesema ametumwa tu. Pasipoti ilikuwemo. Cheti cha ndoa hakikuwemo na mpaka leo sijakipata, nimelazimika kuomba nakala iliyothibitishwa kwa msajili.

Nilipoikagua fomu aliyonijazia nikakuta jambo lililonitisha kuliko pesa. Barua pepe ni yake na namba ya simu ni yake. Maana yake kama maombi yangefika, majibu yote ya ubalozi yangekwenda kwake, na mimi ningejua tu kile anachotaka nijue. Kama mtu amekujazia fomu, iombe leo, angalia vipengele hivyo viwili kabla ya kitu kingine chochote. Namba ya miadi aliyonipa niliituma ubalozini kwa barua pepe yangu mwenyewe. Wakanijibu kwamba hawaitambui.

Na kile cheti, namshukuru Mungu hakikufika dirishani. Anayesaini fomu ni mwombaji, siyo kishoka. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani inahesabu kutoa maelezo ya uongo ili upate kibali kuwa kosa la jinai, adhabu yake faini au kifungo cha hadi miaka mitatu. Wale mnaokwenda kwingine msidhani mko salama: Kanada ikikukuta na udanganyifu kwenye maombi unaweza kufungiwa miaka 5, na Marekani udanganyifu wa jambo la msingi unaweza kukuzuia maisha yote usipopata msamaha maalumu. Yeye angebadilisha jina mara ya tatu. Mimi ningebaki na jina langu.

Kuhusu leseni, maana alinitumia picha ya "leseni ya uwakala" yenye muhuri mwekundu. Picha si leseni. Nchi kadhaa zina daftari la wazi la washauri wa uhamiaji, na unalitafuta mwenyewe, hubonyezi kiungo alichokutumia yeye. Kanada ni College of Immigration and Citizenship Consultants. Australia ni ofisi ya usajili inayojulikana kama OMARA, na kila wakala ana namba yake. Uingereza ni Immigration Advice Authority, ambayo hadi Januari 2025 iliitwa OISC. Mtu akidai amesajiliwa huko na jina lake halimo, mazungumzo yameisha. Akisema jina "bado halijapandishwa", pia yameisha.

Wengine wameniuliza kama alikuwa na dalili. Alikuwa nazo nyingi. Hakuwahi kupokea simu ya video. Risiti zilikuwa picha, tarehe zimeandikwa kwa mwandiko tofauti. Kila nikiuliza swali la sheria alijibu kwa ujumbe wa sauti, hakuandika kamwe. Lakini kwa kweli kama ningekuwa naye mume wangu kwenye mazungumzo yale yale, kundi moja la watu watatu, asingefika hata kwenye malipo ya pili. Nilipopendekeza kundi hilo mwanzoni alisema faili za wanandoa "zinachanganyika". Nikakubali.

Jambo jingine. Nilipoanza kulalamika hadharani, alinijia kaka mmoja mpole sana akisema yuko kitengo cha makosa ya mtandao na anaweza kurudisha pesa zangu zote, nitoe tu ada ndogo ya kufungua kesi. Ukishatapeliwa mara moja, namba yako inauzwa. Msimpe hata senti.

Pesa zetu hatujazipata. Mume wangu aliwahi benki yake kwa muamala wa mwisho, wa ile "dhamana", na huo ndio pekee uliozuiwa, kwa sababu haukuwa umemaliza siku mbili. Mimi nimejiandikisha mtihani kwa njia ya halali, na kila jioni naulizwa jina langu kwenye simu, najibu sentensi nzima.

Yule dada bado yupo. Wiki hii picha yake ni ya mwanamke anayesukuma mabegi uwanja wa ndege, na ujumbe wake wa kwanza bado unaanza na "Pole wifi yangu". Kama umemtumia fedha ndani ya siku mbili tatu hizi, usimwandikie kumuuliza, atakuchelewesha kwa maneno. Piga simu benki au kwa mtandao uliotumia kutuma, sasa hivi, kisha mpigie mwenzako umuulize na yeye ametuma kiasi gani.