Lemmy na Mastodon: kikundi unachokitafuta kipo, seva yako ndio haijakiona

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena. Leo nachambua Lemmy, mtandao wa vikundi vya mijadala, na Mastodon, mtandao wa posti fupi, ila nakaa kwenye kitu kimoja kinachofanya watu wafungue akaunti leo kesho wafute: unaingia, unatafuta kikundi cha kitu unachokipenda, unaambiwa hakuna. Mimi nilishafuta mara mbili, nikajua huku hakuna watu.

Watu wapo jamani. Sisi tumezoea mitandao ya kampuni moja, ukitafuta inapekua kila kitu, lakini huku seva, yaani kompyuta zinazobeba mtandao, ni nyingi, kila moja ina mwenyewe na sheria zake, zinaelewana kwa lugha ya pamoja inaitwa ActivityPub, W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, waliipitisha rasmi 2018. Sasa seva yako haijui kila kitu, inajua kile ambacho watu wa hapo hapo wameshakiita, kwa hiyo kama hakuna hata mmoja aliyewahi kujiunga na kikundi fulani, kwa seva yako hicho kikundi hakijazaliwa.

Angalia skrini. Nipo Lemmy, seva ndogo, naandika jina la kikundi… hamna. Haya, sasa naandika anwani nzima, alama ya mshangao, jina, alama ya et, halafu seva, hivi: !technology@lemmy.world. Natafuta, usiguse kitu, subiri kidogo, hapa seva yako inaenda kupiga hodi kule… kimekuja! Posti ni chache na komenti karibu hamna, usiogope, za zamani haziji zote, ukishajiunga ndio mpya zinaanza kumiminika.

Anwani unazitoa wapi? lemmyverse.net, imekusanya vikundi vya seva kibao sehemu moja, tafutia huko. Utakuta jina moja lipo kwenye seva tano tofauti, hii inakera sana, mimi siangalii idadi ya waliojiunga maana wengi walishaondoka, naangalia walio hai mwezi huu. Na kabla hujachagua seva ya kukaa, shuka chini kabisa ya ukurasa wake bonyeza Instances, uone imezifungia seva gani, maana vikundi vya huko hutavipata hata ukiandika anwani vizuri namna gani.

Mastodon ni tofauti kidogo, kule watu wanakutana kwenye hashtegi, na tangu toleo la 4 la 2022 unaweza kuifolo hashtegi yenyewe, ikakuletea posti kama vile umefolo mtu. Fanya hivyo siku ya kwanza kabisa! Na ukiposti weka hashtegi, kwa sababu utafutaji wa maneno unaleta posti za wale walioruhusu tu, ukiandika bila hashtegi umeongea peke yako chumbani.

Alama zangu: kutafuta ndani ya Lemmy naipa 4 kwa 10, mtu mgeni hawezi kujua habari za mshangao na et bila kuambiwa. Vikundi vyenyewe ukishafika naipa 8, mpangilio wa posti unachagua mwenyewe na watu wanakujibu kwa kirefu.

Video ijayo nahamisha akaunti ya Mastodon kwenda seva nyingine mbele yenu. Wafuasi wanahama na wewe, posti zinabaki kule kule, kwa hiyo kama una zako za maana zipakue kuanzia sasa.