Suruali yangu ya tatu ya kupandia miamba, na kwa nini bado ninayo

Nina miaka miwili na suruali hii, na karibu kila mwisho wa wiki huwa nimeivaa, iwe kwenye miamba ya graniti au kwenye kuta za mazoezi. Kabla yake mbili ziliniharibikia mapema, na zote mbili zilinifundisha kitu kimoja: mshonaji ana kazi kubwa kuliko kitambaa.

Ya kwanza ilikuwa jinzi. Nilikuwa nimeinua mguu wa kulia hadi usawa wa kiuno, ncha ya kiatu imeshakaa vizuri kwenye ukingo mdogo wa jiwe, nikitaka kujisukuma juu. Goti likagoma. Nguvu nilikuwa nazo, ila kitambaa kilikuwa kimenikamata pajani kama mtu aliyenishika mguu. Nikalazimisha, na mshono wa msamba ukafumuka kuanzia mbele hadi nyuma.

Ndipo nikakimbilia upande wa pili. Nikanunua suruali pana, msamba wake ukining'inia kuelekea magotini, nikiamini kwamba upana ndio uhuru. Sivyo hata kidogo. Msamba ukishuka, miguu miwili ya suruali inaungana chini, kwa hiyo ukinyanyua mguu mmoja unavuta suruali nzima pamoja na mguu uliobaki ukisimamia. Msamba uliokaa juu, karibu na mwili, ndio unaoliachia paja liende zake. Ni sawa na shati ambalo kwapa lake limeshuka sana: ukinyoosha mkono juu, shati lote linapanda mpaka tumbo linaonekana. Nimekutana na wapandaji wengi wanaoamini kama nilivyoamini, na nawasisitizia kila mara walitazame hilo kwanza kabla ya rangi na kabla ya mifuko.

Suruali ninayovaa sasa ina kipande cha ziada chenye umbo la almasi kilichoshonewa kwenye msamba, kazi ile ile ya kikwapa ambacho fundi hukitia chini ya mkono wa nguo. Katika suruali ya kawaida mishono minne inakutana mahali pamoja, na mvuto wote unaangukia hapo, ndiyo maana hufumuka hapo. Kipande hiki huitawanya mishono, kikaongeza upana pale tu unapohitajika, na suruali ikabaki imekaa mwilini. Si jambo jipya. Mwaka 1982 Mike Graham, aliyekuwa mmoja wa wapandaji wa Yosemite huko California, alianzisha kampuni ya Gramicci, na suruali zake zilijulikana kwa kipande hicho pamoja na mkanda ulioshonewa kiunoni moja kwa moja. Tangu nilipovaa ya namna hii, mguu wangu unafika pale nyonga yangu inapoweza kufika. Siku nikishindwa kuupandisha, najua ni mwili wangu, naenda kufanya mazoezi ya kunyoosha viungo.

Kitambaa ni nailoni asilimia 95 na elastani asilimia 5. Elastani ndio ule uzi unaovutika, uliobuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont, na asilimia chache tu zinatosha. Lakini kwa maoni yangu watu wanaupa sifa kupita kiasi. Suruali iliyokatwa vibaya, hata ikivutika, itakurudisha chini kila unapopanda, kwa sababu kinachovutika hutaka kurejea kilipotoka. Utaisikia hiyo zaidi jioni, mapaja yakiwa yamechoka.

Nailoni imenishawishi kwa sababu ya graniti. Jiwe hilo linakwangua kama msasa, na pamba laini nililolitumia awali lilianza kuonyesha ngozi magotini mapema mno. Pamba lina raha yake, linapitisha hewa na halipigi kelele unapotembea, ila likilowa jasho au mvua linakaa na maji muda mrefu, na ukisubiri zamu yako kwenye upepo unatetemeka. Nailoni hukauka upesi. Adui yake ni moto: cheche moja ya kuni hutoboa tundu, na kamba ikipita kwa kasi juu ya paja huacha alama ya kuungua. Mimi ninayo moja, juu kidogo ya goti la kushoto.

Kuhusu hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kamba: ivae kabisa wakati wa kuchagua suruali, kisha uchuchumae. Kifungo kikubwa cha chuma, mishono minene au mikunjo mingi ya kiunoni ni vitu usivyovihisi ukiwa umesimama, ila ukining'inia kwenye kamba kwa dakika kumi vinakuingia nyamani. Yangu ina kiuno bapa chenye kamba nyembamba ya kufunga, na hapo sina lawama. Chini ina lastiki ya kuibana juu ya kifundo cha mguu, na hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana mpandaji lazima auone mguu wake anapoukanyagisha.

Magoti yamekatwa kwa vipande vilivyopinda tayari, hivyo hayavuti ninapochuchumaa. Makalio ndiyo yaliyoisha haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ya kukaa juu ya mawe na kuteleza kwa matako wakati wa kushuka. Nilipoona kitambaa kimeanza kuwa chepesi hapo, nikampelekea fundi cherehani akaweka kiraka kwa ndani kabla hakijachanika. Ni bora kuwahi. Kiraka juu ya kitambaa kizima hushika, juu ya kilichochanika huvuta uzi pembeni na tundu linakua.

Kasoro zipo. Mifuko ya pembeni inafunikwa yote na hanesi, kwa hiyo nikishavaa haina kazi, na ule wa nyuma ni mfupi mno, simu yangu ilichomoka humo nikiwa ninapanda. Lastiki za miguuni zililegea baada ya mwaka mmoja hivi, nikazibadilisha. Goti la kulia la suruali limeanza kuvimba na halirudi sawasawa, nadhani ni kosa langu, kwani mwanzoni nilikuwa naikausha kwenye mashine yenye joto kali, na joto ndilo linaloua elastani. Sasa naifua kwa maji ya baridi, bila dawa ya kulainisha nguo, naianika kivulini.

Ukiwa dukani, usijipime kwa kusimama mbele ya kioo. Weka mguu mmoja juu ya kiti, lisukume goti lielekee kifuani, kisha lifungue nje kama unavyofanya ukutani. Kiuno kikishuka nyuma au paja likikaza, irudishe, hata kama vipimo ni vyako. Mimi nikinunua nyingine nitachukua msamba huu huu, ila nitatafuta yenye mfuko wa zipu pajani, chini ya hanesi, ambapo simu itakaa salama.